Nani Mwenye Daftari? Uteuzi wa Programu za Marejeleo katika Taaluma za Kiswahili

1.0 Utangulizi

Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa mtafiti, mali ni vyanzo alivyovisoma, na daftari ni kumbukumbu ya vyanzo hivyo: nani aliandika, lini, wapi, na katika ukurasa upi. Kwa miaka mingi daftari hilo lilikuwa kadi za karatasi zilizopangwa kwa alfabeti ndani ya sanduku. Leo, kwa wanafunzi wengi wa uzamili na uzamivu, ni programu ya kompyuta. Katika idara za vyuo vikuu hujadiliwa mara kwa mara ni programu ipi ifundishwe: EndNote, Mendeley, Zotero, au JabRef kwa wale wanaoandika kwa LaTeX. Mjadala huo kwa kawaida hutawaliwa na maswali matatu, yaani ipi ni rahisi kujifunza, ipi haina gharama, na ipi inatumiwa na msimamizi wa tasnifu.

Maswali hayo yana uzito wake. Hata hivyo, makala haya yanashikilia kwamba hayagusi kiini cha jambo. Swali la msingi ni la mamlaka: je, mtafiti anaweza kusahihisha pale programu inapokosea, na je, anaweza kuondoka na kumbukumbu zake zikiwa kamili siku atakapotaka au atakapolazimika kuondoka? Programu inayokidhi masharti hayo mawili inafaa hata kama inachosha kidogo kujifunza. Isiyoyakidhi haifai hata kama ni tamu kutumia. Hoja hii inafafanuliwa kwa kuchunguza mambo matatu, ambayo ni majina ya waandishi, lugha ya marejeleo yenyewe, na uhamishaji wa kumbukumbu.

2.0 Dhana Zilizojificha ndani ya Programu

Programu za marejeleo hufanya kazi tatu. Huhifadhi taarifa za vyanzo, huziingiza katika matini anayoiandika mtafiti, na huzipanga kwa mtindo unaotakiwa na jarida au chuo. Kazi hizo si ngeni. BibTeX, iliyobuniwa na Oren Patashnik pamoja na Leslie Lamport, ilianza kutumika mwaka 1985. EndNote ilitokea mwishoni mwa miaka ya 1980. Zotero ilitolewa mwaka 2006 na kituo cha historia na vyombo vipya vya habari katika Chuo Kikuu cha George Mason nchini Marekani, na Mendeley ikafuata mwaka 2008.

Jambo la kuzingatiwa ni kwamba kila mojawapo ya programu hizi ilizaliwa katika mazingira ambamo mambo fulani yalichukuliwa kuwa ya kawaida. Mwandishi ni mtu mwenye jina lake na jina la ukoo. Kitabu kina mwandishi, mchapishaji na mwaka mmoja. Lugha ya marejeleo ni Kiingereza, mpaka itakapoelezwa vinginevyo. Dhana hizo si makosa mahali zilipotoka, lakini mtafiti wa Kiswahili anapozipokea bila kuzikagua, makosa huanza kuonekana katika kurasa za mwisho za tasnifu yake, mahali ambapo watahini wengi huanzia kusoma.

3.0 Majina na Dhima za Watu

Mfano wa kwanza ni neno “bin” na mwenziwe “binti”. Katika BibTeX, jina likiandikwa kwa mfululizo wake wa kawaida, neno linaloanza kwa herufi ndogo katikati ya majina huchukuliwa kuwa kiungo cha ukoo, kama ilivyo “von” ya Kijerumani. Kwa hiyo jina la Shaaban bin Robert hugawanywa mara tatu: Shaaban ni jina la mtu, “bin” ni kiungo, na Robert ni ukoo. Mitindo ya kawaida ya BibTeX hupanga orodha kwa kuanza na kiungo hicho. Matokeo yake ni kwamba Shaaban bin Robert huangukia herufi B, na Mwana Kupona binti Mshamu naye humfuata huko huko. Msomaji anayemtafuta mshairi huyo wa karne ya 19 chini ya M hatamwona. Orodha yenye waandishi kumi wa aina hii itakuwa na kundi la watu chini ya B ambao hawana uhusiano wowote isipokuwa kwamba kila mmoja ni mtoto wa fulani.

Mfano wa pili ni taasisi. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981 ni kazi ya Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, na hurejelewa kwa jina la taasisi hiyo. Programu isiyoelezwa kwamba huyu si mtu binafsi itafanya “Kiswahili” kuwa jina la ukoo, na “Taasisi” kuwa jina alilopewa na wazazi wake. Kosa hili linaweza kuchekesha, lakini tasnifu haziandikwi kwa ajili ya kuchekesha.

Makosa yote mawili yana dawa. Katika BibTeX, jina zima huzungushiwa mabano ya nyongeza ili lisigawanywe. Katika EndNote, jina la taasisi hufuatwa na mkato. Katika Zotero, kisanduku cha majina mawili hugeuzwa kuwa cha jina moja. Hata hivyo, dawa hizo humsaidia tu yule anayejua maradhi. Na hapa ndipo panapojitokeza suala ambalo programu haiwezi kulitatua: je, mwandishi wa Unguja au Lamu ambaye jina lake la tatu ni la babu yake, wala si la ukoo, aorodheshwe chini ya jina lipi? Wachapishaji wameshafuata njia mbalimbali, na mwandishi huyo huyo huweza kuonekana kwa majina mawili katika orodha mbili. Uamuzi huu ni wa wanataaluma. Mashine itatekeleza uamuzi wowote itakaopewa, na isipopewa itafuata ule ilioukuta.

Ugumu huongezeka tunapofika kwenye fasihi simulizi na miswada. Chukua tungo za Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki yapata mwaka 1840. Mashairi yake yalibaki vinywani mwa watu, yakakusanywa baadaye katika karne hiyo hiyo na W. E. Taylor kwa msaada mkubwa wa Mwalimu Sikujua, yakahaririwa na W. Hichens na kutolewa Johannesburg mwaka 1940. Mwaka 1979 Mohamed H. Abdulaziz alitoa kitabu kingine juu ya Muyaka na ushairi wake. Katika safari hiyo yumo mtunzi, wamo waliohifadhi kwa kumbukumbu, yumo mkusanyaji, na wamo wahariri. Visanduku vya kawaida vya programu ni vya mwandishi, mhariri na mfasiri. Mwalimu Sikujua hana kisanduku, na asiye na kisanduku hutoweka katika orodha, kisha katika orodha zitakazonakiliwa kutoka orodha hiyo. Kwa taaluma ambayo imejitahidi kwa miaka mingi kuwarudishia heshima yao wasimulizi na wanakili, hili si jambo dogo. Hivyo programu inayofaa ni ile inayoruhusu maelezo ya ziada kuandikwa, kutafutwa na kuhamishwa pamoja na kumbukumbu nyingine, badala ya kumlazimisha mtafiti kumfanya mkusanyaji kuwa mtunzi.

4.0 Lugha ya Marejeleo

Tatizo la pili linahusu herufi kubwa na maneno madogo. Mitindo kadhaa ya Kiingereza hutaka kila neno muhimu katika anwani lianze kwa herufi kubwa. Programu zinazotumia lugha ya mitindo iitwayo CSL, ambayo Zotero ni mojawapo, hutekeleza agizo hilo kwa orodha ya maneno madogo ya Kiingereza. Maneno kama “ya”, “wa” na “katika” hayamo katika orodha hiyo. Kwa sababu hiyo, kumbukumbu ambayo kisanduku chake cha lugha ni kitupu huchukuliwa kuwa ya Kiingereza, na anwani ya Kiswahili hutoka ikiwa na “Ya” na “Wa” katikati. Kisanduku hicho kikijazwa alama ya lugha ya Kiswahili, yaani “sw”, mageuzi hayo hayafanyiki.

BibTeX huelekea upande wa pili. Mitindo yake ya kawaida hushusha herufi kubwa katika anwani za makala. Tuseme mwanafunzi ana makala iitwayo “Nafasi ya Mwana Kupona katika Ushairi wa Pwani”. Programu itaiandika “Nafasi ya mwana kupona katika ushairi wa pwani”, na msomaji asiyejua atadhani makala inahusu mtoto aliyekuwa mgonjwa akapata nafuu. Herufi za jina zikizungushiwa mabano, jina hubaki salama. Kwa mara nyingine, dawa ni nyepesi na ipo mikononi mwa mtumiaji, ili mradi programu imemwachia mikono.

Zaidi ya anwani, kuna maneno ambayo programu yenyewe huyaingiza. Mwanafunzi anayeandika tasnifu nzima kwa Kiswahili sanifu hujikuta na “and” kati ya majina ya waandishi wawili, “In” kabla ya jina la kitabu, na miezi ya Kiingereza katika tarehe za magazeti. Wengi huyasahihisha kwa mkono usiku wa kuamkia siku ya kuwasilisha kazi, na marejeleo yakisasishwa tena, masahihisho hayo hufutika. Huu ni upotevu wa muda na wa heshima. Lugha inayofundishwa hadi ngazi ya uzamivu haistahili kuvuliwa nguo katika ukurasa wa marejeleo.

Hapa tofauti kati ya programu huonekana wazi. Katika mfumo wa CSL, mtindo wa urejeleaji umetenganishwa na istilahi za lugha. Istilahi hukaa katika faili la maandishi ya kawaida, ambamo neno la “mhariri”, la “ukurasa”, la “toleo” na majina ya miezi huandikwa mara moja na kutumika katika kila mtindo. Hazina ya mitindo hiyo ina zaidi ya mitindo 10,000, na leseni yake huruhusu mtu yeyote kuitumia na kuirekebisha. Idara yenye mwanaisimu mmoja na mtaalamu mmoja wa kompyuta inaweza kuandaa na kusahihisha faili la Kiswahili kwa muda mfupi, kisha likawafaa watafiti wa Nairobi, Zanzibar, Bayreuth na kwingineko. Kazi ngumu si ya kompyuta bali ni ya makubaliano. Je, mhariri afupishwe kuwa “mh.” au “mhr.”? Je, kurasa ziwe “uk.” daima, au “kur.” zinapozidi moja? Je, waandishi wengi wawe “na wenzake”, “na wengine”, au ibaki “et al.”? Majarida ya Kiswahili yametumia zaidi ya njia moja, wakati mwingine ndani ya toleo moja. Mjadala huo ungefaa ufanywe na wanaoijua lugha, kabla haujaamuliwa kimyakimya na watunzi wa programu.

5.0 Mlango wa Kutokea

Hoja ya tatu ndiyo nzito kuliko zote. Mtafiti huchagua programu akiwa mwanafunzi, lakini kumbukumbu zake zinatakiwa zidumu muda wote wa maisha yake ya kitaaluma, na hata baada yake. Historia fupi ya programu hizi haitoi sababu ya kuamini kwamba programu yenyewe itadumu kiasi hicho. Reference Manager, ambayo ilikuwa na watumiaji wengi katika miaka ya 1990, iliacha kuuzwa mwishoni mwa mwaka 2015. Mendeley ilianza kama kampuni changa iliyopendwa na wanafunzi, ikanunuliwa na kampuni ya uchapishaji ya Elsevier mwaka 2013. Mwaka 2018 hifadhidata iliyokuwa katika kompyuta ya mtumiaji ilianza kufungwa kwa msimbo wa siri, kiasi kwamba programu nyingine hazikuweza tena kuisoma moja kwa moja. Kampuni ilitetea hatua hiyo kwa hoja ya usalama wa data. Mwaka 2022 programu ya zamani ya kompyuta ya mezani iliondolewa na nyingine kuwekwa mahali pake.

Kwa haki, ni lazima isemwe kwamba watumiaji wa Mendeley hawakunyimwa njia zote. Waliweza, na wanaweza, kutoa kumbukumbu zao katika miundo ya RIS na BibTeX. Lakini miundo hiyo haibebi kila kitu. Mpangilio wa makabrasha, ambao kwa mtafiti ni ramani ya fikra zake, hupotea njiani. Mtafiti mwenye vyanzo thelathini hatasikia maumivu. Mwenye vyanzo elfu tatu alivyovipanga kwa miaka kumi atayasikia.

Mamlaka hayaishii kwenye kumbukumbu pekee. Mwaka 2008 kampuni ya Thomson Reuters, iliyokuwa mmiliki wa EndNote wakati huo, ilikishitaki Chuo Kikuu cha George Mason katika jimbo la Virginia kwa sababu toleo la majaribio la Zotero liliweza kusoma mafaili ya mitindo ya EndNote na kuyageuza. Shauri hilo lilifutwa mwaka 2009. Hata hivyo, lilionyesha kwamba hata kanuni za mahali pa kuweka nukta na mkato zinaweza kudaiwa kuwa mali ya mtu. Idara inayojenga mtindo wake wa Kiswahili ndani ya muundo wa kampuni inajenga juu ya kiwanja cha kupanga.

Kwa idara za Afrika Mashariki suala hili lina uzito wa pekee. Leseni inayolipiwa na chuo humfuata mwanafunzi hadi siku anapohitimu. Bajeti ikipungua, leseni ni miongoni mwa vitu vya kwanza kukatwa. Intaneti inaweza kukatika wakati sura ya mwisho inaandikwa, na programu inayotegemea seva ya mbali kwa kila hatua humwacha mtafiti mikono mitupu. Yapo pia mauti. Sanduku la kadi la mwalimu aliyefariki linaweza kufunguliwa na yeyote anayejua kusoma. Akaunti ambayo nywila yake aliijua yeye peke yake haifunguki, na miaka arobaini ya kutafuta miswada huzikwa naye.

6.0 Hoja Pinzani

Zipo hoja zinazoweza kutolewa dhidi ya msimamo huu. Ya kwanza ni kwamba EndNote ni imara, humudu maktaba kubwa, na ina kampuni nyuma yake inayojibu maswali ya wateja. Hoja hii ni ya kweli. Mtafiti ambaye tayari anaitumia na ameridhika nayo hana sababu ya kuihama kesho. Ana sababu moja tu ya kuchukua tahadhari, nayo ni kutoa nakala ya kumbukumbu zake katika muundo wa wazi angalau kila mwaka.

Hoja ya pili ni kwamba programu huria nazo hufa, kwa kuwa hutegemea misaada na watu wachache wenye moyo. Hilo nalo ni kweli. Tofauti ni katika namna ya kufa. Zotero huhifadhi kumbukumbu ndani ya kompyuta ya mtumiaji katika hifadhidata ya aina inayojulikana, na msimbo wake uko wazi kwa yeyote. Ikisimama, kumbukumbu hubaki zikisomeka, na mwingine anaweza kuiendeleza. Mafaili ya BibTeX ni maandishi matupu, na yale yaliyoandikwa katika miaka ya 1980 yanasomeka mpaka leo kwa programu yoyote ya kuandikia. Aidha, isidhaniwe kwamba Zotero haina gharama kabisa: nafasi ya bure ya kuweka mafaili kwenye seva zake ni megabaiti 300, ambazo hujaa upesi kwa anayehifadhi miswada iliyopigwa picha. Lakini kumbukumbu zenyewe za marejeleo hazihesabiwi katika kiasi hicho, na mafaili yanaweza kubaki katika diski ya mtumiaji.

Hoja ya tatu hutolewa na walimu waliolelewa kwa kadi. Wanadai kwamba mashine imeua umakini: mwanafunzi hubofya, kumbukumbu ikaingia, naye hakuwahi kuufungua ukurasa wa haki miliki. Malalamiko haya yana msingi. Taarifa zinazoletwa na hifadhidata za kimataifa kuhusu machapisho ya Kiswahili mara nyingi zina makosa ya majina, ya miaka na ya lugha. Ila dawa yake si kurudi kwenye kadi. Mwanafunzi afundishwe kwamba kumbukumbu iliyoingia ni madai, na kwamba madai huthibitishwa kwa kitabu chenyewe kikiwa mkononi.

7.0 Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba uteuzi wa programu ya marejeleo ni uamuzi wa kitaaluma na si wa kiufundi tu. Kwa mtafiti wa kawaida wa fasihi au isimu anayetumia programu za kawaida za kuandikia, Zotero ndiyo inayokidhi kwa sasa masharti mengi zaidi: majina hurekebishika, istilahi hutafsirika, na mlango wa kutokea u wazi. Kwa wanaisimu wanaoandika kwa LaTeX, BibTeX pamoja na JabRef hutosha, ili mradi mabano yawekwe panapostahili. Kwa wenye EndNote au Mendeley, nakala ya kila mwaka katika muundo wa wazi ni wajibu.

Kwa upande wa idara, mambo matatu yanapendekezwa. Kwanza, wahariri wa majarida ya Kiswahili wakutane na kukubaliana juu ya istilahi na vifupisho vya marejeleo, pamoja na kanuni ya kuorodhesha majina yenye “bin”, “binti” na majina ya babu. Pili, makubaliano hayo yaandikwe katika faili la lugha lililo wazi kwa wote, na utunzaji wake uwe kazi inayotambuliwa katika kupandishwa cheo kama ilivyo kazi ya kamusi. Tatu, kila idara iwe na maktaba ya pamoja ya marejeleo, ambayo walimu wanaostaafu na wanafunzi wanaohitimu wataiachia kumbukumbu zao. Bila hatua hizo, kila mwanafunzi ataendelea kuanza upya mahali alipoanzia mwenzake, na kusahihisha kwa mkono kosa lile lile lililokwisha kusahihishwa na wengine kabla yake.